Maswali yenu kuhusu mto Orinoco

Swali: Huu mto uko nchi gani hasa?

Uko Venezuela, na kipande fulani ndo mpaka wenyewe na Kolombia. Unaanzia milima ya Parima karibu kabisa na Brazil, halafu badala ya kunyooka baharini unazunguka kama upinde, magharibi, kaskazini, kisha mashariki mpaka Atlantiki, kilomita 2,140 hivi. Columbus alifika karibu na mlango wake 1498 lakini chanzo kilikuja kufikiwa 1951!

Swali: Eti unaungana na Amazon? Mwalimu alituambia mabonde mawili ya mito lazima yatenganishwe na mwinuko.

Mwalimu yuko sawa kwa mito karibu yote ila hapa hapana, na mimi hapa ndo napapenda kuliko pote. Kule juu Orinoco unagawanyika, maji mengine yanaendelea na safari yake na mengine yanaingia mto Casiquiare ambao hakuna mtu aliyeuchimba, yanatembea zaidi ya kilomita 300 mpaka Río Negro, na Río Negro unamwaga Amazon. Ardhi pale ni tambarare mno, hakuna kilima cha kuyazuia. Yani majani mawili yakidondoka mtoni pamoja, moja linaweza kuishia pwani ya Venezuela na lingine Brazil. Wanasayansi wa Ulaya, Humboldt na Bonpland, walipita Casiquiare kwa mtumbwi 1800, mbu wakawatesa vibaya sana.

Swali: Mbona kwenye picha maji yana rangi mbili?

Hapo ni mji wa Ciudad Guayana, mto Caroní unapoingia Orinoco. Caroní ni mweusi kwa sababu ya majani yanayooza huko msituni, ni kama chai ya rangi iliyokolea, ila ukichota kwenye glasi unaona hudhurungi nyepesi tu. Orinoco wenyewe umebeba udongo, basi yanatembea ubavu kwa ubavu kwa muda kabla hayajachanganyika.

Swali: Wanyama niende kuwaona mwezi gani?

Nenda nyika za Llanos, zilizo kwenye bonde la Orinoco, kati ya Desemba na Aprili. Mvua za kuanzia Mei zinafurisha kila mahali, kiangazi maji yanabaki kwenye madimbwi na kapibara (panya wakubwa sana), kaimani (jamii ya mamba) na ndege wanajazana hapohapo.

Swali: Kwenye delta kunakaa watu kweli?

Ndio, Wawarao, tangu zamani sana. Nyumba zao ziko juu ya nguzo ndani ya maji, barabara yao ni mtumbwi, na mti wa jamii ya mchikichi uitwao moriche unawapa wanga wa kula na nyuzi za kusukia vitanda vya kuning'inia.