Corolla inayokula oili: usiikimbize skrepa

Dada, umeuliza ufanye nini na hiyo Toyota Corolla 110 yako: skrepa (wanunuzi wa vyuma chakavu), kuiuza au kubadilishana. Kwa kuwa umesema bado inawaka na bodi haijaoza, ila injini ndiyo inakula oili, skrepa iwe ya mwisho kabisa. Kule wanapima kilo za chuma tu, giaboksi nzima na taa za mbele hazihesabiwi.

Mwite fundi asiye na hamu ya kuinunua (hili muhimu sana), akupe gharama ya injini ya mtumba pamoja na ufundi. Ikikaribia bei ya gari lenyewe, liuze lilivyo na useme wazi ugonjwa wake. Wauza spea wanayachukua hayo, maana vipuri vya Corolla vinauzika.

Yadi za kubadilishana ukaongeza pesa zinafaa mwenye haraka. Ila uliza kwanza bei ya gari unalolitaka kabla hujataja la kwako. Wengine huipandisha ili ionekane lako wamelinunua vizuri.

Na tafadhali, usikabidhi kadi ya gari na funguo ukaondoka. Andikishaneni mkataba, mbadilishe umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Likibaki kwa jina lako, faini za barabarani zitakuandama wewe.