Barua kwa mwanangu: binti yako anapoambiwa anawatenga wenzake

Mwanangu,

Umeniuliza ufanye nini, maana mwalimu amesema binti yako wa miaka 10, anayependwa na nusu ya darasa, anamtenga mwenzake, naye analia kwamba anasingiziwa. Kwanza, usimpigie simu mzazi wa yule mtoto leo. Simu ya hasira huwafanya wazazi wagombane na watoto wasahauliwe.

Inawezekana kabisa watoto wote wawili wanasema kweli. Mtoto mwenye wafuasi hana haja ya kutukana ili aumize. Akibetua mdomo, wenzake wanne wanabetua. Akiweka begi kwenye kiti kilicho wazi, hakuna atakayethubutu kuliondoa. Yeye anakumbuka begi tu. Mwenzake anakumbuka watu watano. Mwaka 1995 watafiti Nicki Crick na Jennifer Grotpeter waliandika juu ya ukatili huu usio na ngumi kati ya watoto wa darasa la tatu hadi la sita: kutenga, kueneza uvumi, kutishia kuvunja urafiki.

Kwa hiyo usimuulize "Ulifanya?" Atakana, na akishakana atalazimika kuutetea uongo wake. Muulize nani alikaa wapi, nani alisema nini, nani alicheka, kisha nini kikafuata. Nyamaza asimulie. Mwalimu naye umuulize: nani aliona, mara ngapi, wapi? Mara moja uwanjani ni ugomvi. Kila siku kwa wiki tatu ni jambo jingine. Kukiwa hakuna aliyeona wala siku inayotajwa, mtetee bila kuogopa, ila usimdharau aliyelalamika.

Kosa likithibitika, msamaha utaje kitendo chenyewe: "Niliwaambia wasikae nawe, nikakuumiza." Neno "lakini" lisiwemo, wala asidai kusamehewa papo hapo. Kama alimwaibisha mbele ya kundi, basi alirekebishe mbele ya kundi hilohilo, kwa kumpisha kiti au kumwita mchezoni. Usimlazimishe wawe marafiki. Ana haki ya kuchagua rafiki, hana haki ya kuwachagulia wengine. Mweleze tofauti hiyo polepole, hata mara tatu, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi hukwama.

Sherehe ya kuzaliwa ikifika, alike wachache au alike wote. Kualika wote kasoro mmoja ni kumtangaza huyo mmoja. Kadi zisigawiwe darasani.

Nawe mwanangu, angalia unavyomsifia. Ukifurahia kila siku idadi ya marafiki zake, ataogopa kuipoteza, na mtoto mwenye woga huo hulinda nafasi yake kwa kumsukuma mwingine nje. Muulize leo alimsaidia nani. Usimwite mkorofi, kitaje kitendo.

Baada ya wiki mbili mrudie mwalimu, umuulize yule mtoto anakaa na nani sasa.

Barua hii usimwonyeshe mjukuu wangu. Mwambie tu bibi yake anamsalimu.

Mama yako