Mbuzi ya Nazi Iliyolika Upande Mmoja

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili nikitoka kanisani, usiku nikaurudia. Umeuliza mambo mawili kana kwamba hayajuani: asili yetu ni wapi, na kwa nini umefika umri huo hujala hata tonge nyumbani kwa Mjomba wako. Ukaongeza kwamba uko tayari kutema mate kwenye kichupa yapelekwe Marekani yakapimwe DNA. Pesa ni zako. Lakini swali la kwanza ndilo lililozaa la pili, na mkosaji ni mimi.

Mama yake Bibi yangu aliletwa Kengeleni, Mombasa, akiwa mtoto. Manowari ya Waingereza ilikamata jahazi lililobeba watumwa, naye akawa mmoja wa walioshushwa Freretown. Kijiji kile wamisionari wa CMS, wale Waanglikana wa Uingereza, walikifungua mwaka 1875, miaka 2 baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Wakakiita kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kumbana Sultani akubali. Ile kengele unayoipita ukienda Nyali ni ya kijiji kile. Kila siku watu wanamwambia makanga "nishushe Kengeleni", na mimi moyoni husema, hata yeye alishushwa.

Alibatizwa akapewa jina la Kizungu. Lile aliloitwa na mamake likaishia hapo. Freretown kulikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa. Yeye alikuwa nani kati yao, Bibi hakutwambia. Ilikuwa aibu. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku huku pwani mwaka 1907, lakini tusi la "mtumwa" halikupigwa marufuku na mtu. Basi nyumbani tukafundishwa kujibu: sisi Wagiriama. Mjomba wako ndivyo alivyoandikisha hata kwenye kipande chake.

Mwaka 1988 alikuwa ameposa. Wazee wa upande wa pili wakaja kuulizia ukoo, wakanikuta mimi uani nikifua. Nikawaambia yote, jahazi na kushushwa, neno kwa neno. Posa ikavunjika wiki hiyohiyo.

Kwa miaka mingi nimejisifu kwamba nilisema kweli. Ukweli ni kwamba Mjomba alikuwa ameuza cherehani ya Bibi bila kuniuliza, nami nikaona pa kumkomolea. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuonana mazikoni tu, yeye upande ule wa kaburi, mimi upande huu. Wewe ukakua ukidhani ni mtu mkali.

Swali lako lilinikosesha usingizi. Alhamisi nikapanda matatu ya Mtwapa, mahamri kwenye kikapu, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Nilikaa barazani muda mrefu kabla hajatoka. Amezeeka, mwanangu. Nikamwambia, "Kaka, nilikukosea. Nilikuumbua kwa hasira ya cherehani." Akatazama barabarani. Kisha akachukua hamri moja, akaling'ata, akauliza, "Hukutia iliki?" Sikutia. Nilikuwa na haraka.

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Ila baada ya chai aliingia ndani akatoka na mbuzi ya nazi, ile ya mama yake Bibi. Nilidhani iliuzwa pamoja na cherehani. Kiti chake cha kukunja kimefungwa kamba ya katani mahali palipopasuka, na ubao umelainika kama sabuni iliyotumika. Akanishika kidole akakipitisha kwenye meno ya chuma. Upande mmoja yamelika hadi karibu na shina, upande wa pili bado yanakwaruza. "Alikuwa wa kushoto," akasema. "Bibi aliniambia. Wamisionari walimchapa aandike kwa kulia, lakini nazi alikuna kwa kushoto mpaka kufa."

Nami nikamwambia kuna mtu Nairobi ambaye walimu wa chekechea walimchapa kwa hilohilo. Hapo ndipo alipocheka.

Kipimo chako kifanye ukitaka. Pengine kitakuonyesha kusini, Msumbiji au Malawi, na huenda kikakupa binamu wa mbali. Jina la yule mtoto hakitakupa. Na kwenye fomu, hapo pa kabila, andika utakavyo. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai watambuliwe kuwa Wakenya, wao wakiwa angalau wanalijua jina la kudai. Mimi tangu Alhamisi nasema watu wa Kengeleni, na atakayecheka acheke. Mjomba bado anasema Mgiriama. Sikubishana naye, kuna Wagiriama waliotupokea kama ndugu, na hilo nalo si uongo.

Anakutaka Desemba. Uje na viatu vya kutembelea, maana amesema atakupeleka mwenyewe pale kengeleni, kisha makaburini, akuonyeshe alipolala Bibi na wengine anaowakumbuka. Mimi nitafuata nyuma.

Mbuzi amekuwekea wewe. Alitaka kuipeleka kwa fundi ikanolewe kabla hujafika. Nimemwambia asithubutu.

Mamako