Maswali ya Wasomaji: Kuku wa Mradi wa Sayansi Darasani

Nataka wanafunzi waone kazi ya lishe. Nimepanga vifaranga 12 katika makundi matatu: la kwanza lile chakula kamili, la pili mahindi matupu, la tatu chakula kamili lakini maji kidogo. Tutawapima uzito kwa wiki nne. Mpango huu una kasoro? — Mwalimu wa sayansi, darasa la sita

Una kasoro, Mwalimu, na haimo kwenye mizani. Makundi mawili kati ya matatu yatateseka ili kuonyesha jambo ambalo jibu lake linajulikana kabla ya siku ya kwanza. Kifaranga anahitaji chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20. Mahindi yana kama 8 au 9, tena yamepungukiwa lisini na triptofani, viungo vya protini ambavyo mwili wa kuku hauwezi kujitengenezea. Atadumaa, manyoya yatachelewa kuota, na katika banda dogo wataanza kudonoana. Kundi la maji kidogo ni baya zaidi. Kifaranga hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na akiwa na kiu hupunguza kula pia. Kwa hiyo hata kwa upande wa sayansi hutajua kama umepima kiu au njaa.

Kama shabaha ni lishe, wasomeshe kisa cha Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Java, kisiwa cha Indonesia ya leo. Katika miaka ya 1890 alieleza jinsi kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walivyopooza miguu, na walivyopona waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake. Utafiti huo ulifungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini B1, na mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Hakuna haja ya kuku wengine kupooza darasani.

Kuku walio hai waulizwe swali wanaloweza kulijibu bila kuumia: wanapendelea nini? Chukua chakula kamili cha vifaranga cha aina moja, nusu kikiwa unga na nusu punje ndogo. Weka bakuli mbili zinazofanana, kila moja juu ya trei yake. Pima chakula asubuhi, kiwe kingi kuliko wanachoweza kumaliza, kisha pima masalio kesho yake saa ileile. Kilichomwagika kwenye trei nacho kipimwe, maana vifaranga huparura, na unga uliomwagika usipohesabiwa utaonekana umeliwa. Badilisha nafasi za bakuli kila siku, kwa sababu kuku huzoea upande. Siku sita zinatosha: kila chakula kitakuwa kimekaa kulia mara tatu na kushoto mara tatu.

Punguza idadi pia. Tangu mwaka 1959, wanasayansi Waingereza William Russell na Rex Burch walipendekeza mambo matatu kwa anayetumia wanyama katika utafiti: awabadilishe kwa njia nyingine inapowezekana, atumie wachache, na apunguze maumivu. Vifaranga sita wanatosha kwa jaribio hili. Lakini usishuke hadi mmoja. Kuku ni wa kundi, na kifaranga wa peke yake hulia kutwa.

Shikamooni wataalamu. Yai letu moja lilitobolewa jana jioni na mpaka asubuhi hii kifaranga hajatoka. Tunaweza kumbandulia ganda? — Mwanafunzi, kidato cha kwanza

Marahaba mwanangu. Msiliguse kwanza. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka nje huchukua saa 12 hadi 24, pengine zaidi kidogo. Muda huo anaonekana amelala tu, kumbe kiini cha yai kinamalizika kuingia tumboni na damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini. Ukibandua ganda mapema, mishipa hukatika na anaweza kufa kwa kutoka damu.

Kosa la kawaida ni kufungua mashine ya kutotolesha mayai kila mara kuchungulia. Unyevu hushuka, utando hukauka na kumgandia kifaranga kama karatasi ya gundi. Kuanzia siku ya 18 acheni kugeuza mayai, pandisheni unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, na mfuniko ubaki umefungwa. Joto libaki nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Walioanguliwa wanaweza kungoja humo wakauke. Kiini kilichoingia tumboni kinawatosha kwa siku mbili.

Ikipita siku nzima bila mabadiliko, mwalimu peke yake anaweza kulowanisha utando uliokauka kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Akiona damu, aache hapohapo.

Vifaranga wetu wa siku nne wanarundikana chini ya taa, na mmoja miguu imetanuka pembeni, hasimami. — Mwalimu wa malezi

Kurundikana ni baridi, na wa chini hukosa hewa. Kipimajoto kiwekwe usawa wa mgongo wa kifaranga, si ukutani: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza 3 kila wiki hadi 21. Wakikaa mbali na taa huku wakihema midomo wazi, joto limezidi. Taa iwe upande mmoja ili wachague wenyewe, na ifungwe kwa mnyororo, kwani waya pekee ukilegea taa huangukia maranda na kuwasha moto.

Miguu kutanuka mara nyingi husababishwa na sakafu ya kuteleza, hasa magazeti. Tandika maranda makavu. Huyo mmoja mfunge miguu yote miwili kwa plasta laini, ukiacha nafasi ya upana wa mwili wake, na umwangalie kila siku. Wengi husimama baada ya siku chache. Maji yawe kwenye chombo cha kina kifupi chenye kokoto, wasizame.

Watoto wanaruhusiwa kuwashika?

Ndiyo, wakiwa wamekaa chini, kwa dakika chache, mikono yote miwili. Kuku mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, kwa hiyo hakuna kuwabusu wala kula karibu nao, na mikono ioshwe kwa sabuni mara baada ya kuwashika. Watoto walio chini ya miaka mitano watazame tu.

Mradi ukiisha, kuku waende wapi?

Swali hili lijibiwe kabla ya mayai kuingia mashineni. Takriban nusu watakuwa majogoo, na wafugaji wengi hawawataki. Pata mtu aliyekubali kwa maandishi kuwachukua wote, pamoja na majogoo, asipopatikana, msitotoleshe. Mpeni rekodi ya chanjo, hasa ya Marek (ugonjwa wa virusi unaopooza kuku), ambayo hutolewa siku ya kuanguliwa. Mwambieni awatenge na kuku wake kwa wiki tatu hivi, akiangalia kinyesi chenye damu, dalili ya koksidia, vimelea vya utumbo.