Picha ya Edward Colston: ni ya zamani kweli, na niitundike darasani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha historia sekondari hapa Ujiji. Ndani ya kitabu kikuukuu nilichonunua mnadani nimekuta picha ya Mwingereza mwenye wigi refu, imechapwa kwa wino mweusi. Chini pameandikwa Edward Colston, na pembeni jina Vertue na mwaka 1722. Ni ya zamani kweli au ni kopi? Na je, inafaa kuitundika darasani tunaposoma biashara ya utumwa?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwalimu. Mimi nimezeekea kwenye uchapaji hapa Tabora, kwa hiyo nianze na karatasi.

Chukua kioo cha kukuzia, utazame shavu lake pale kivuli kinapoanza. Ukiona nukta nukta zilizopangwa sawasawa, hiyo ni kopi ya mashine za baadaye. Ukiona mistari inayonenepa na kukonda, ikipishana kama ukili wa mkeka, umeshika kazi ya mkono. Mchongaji alichimba mistari hiyo kwenye bamba la shaba, ikajazwa wino, bamba likafutwa, kisha likapitishwa kwenye rola pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Mgandamizo ule huacha bonde dogo la pembe nne kuzunguka picha. Kama kingo zimekatwa, inua karatasi dirishani. Karatasi ya 1722 ilitengenezwa kwa matambara, na kwenye mwanga huonyesha mistari iliyokaribiana. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianza miaka ya 1750. Ukikuta ndiyo hiyo, basi bamba laweza kuwa la kale lakini nakala yako ilichapwa baadaye.

George Vertue aliichonga kwa kufuata picha ya rangi ya Jonathan Richardson, mwaka mmoja baada ya Colston kufa. Colston alizaliwa Bristol mwaka 1636, akatajirika kwa biashara. Mwaka 1680 alijiunga na Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa, na 1689 akawa naibu gavana wake. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika miaka aliyokuwemo, kampuni hiyo ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000, na 19,000 hivi walifia njiani. Bristol ilimkumbuka kwa sadaka zake, ikamsimamishia sanamu mwaka 1895. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha, wakaitosa bandarini.

Itundike, mwalimu. Ila nakuomba sana, vijana wasiondoke wakiamini kwamba waliopitishwa Ujiji waliuzwa na kampuni hii. Watu wa Colston walichukuliwa pwani ya Afrika Magharibi, wakapelekwa Karibiani na Amerika. Mateka wa huku walitembezwa kupitia Tabora hadi Bagamoyo, wengi wakavushwa Unguja, ambako soko lilifungwa 1873. Misafara hiyo ilishamiri karne ya 19, Colston keshaoza zamani. Mimi ni mtoto wa mji wa misafara, na huniuma njia hizi mbili zinapochanganywa, maana kila aliyefungwa mnyororo alikuwa na kwao. Weka ramani kando ya picha, kila njia na rangi yake.

Usiibandike kwa gundi, na usikubali mtu akuwekee plastiki ya moto, haitoki tena. Itundike ukuta usiopigwa na jua, na kioo cha fremu kisiiguse karatasi, kwani kwa unyevu wa hapo ziwani vitashikana.