Barua kwa mwanangu: kile kichwa

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Sisi huku Tanga wazima, mdogo wako anakusalimu, na mlimau wa uani umeshaanza kuzaa.

Umeniuliza, katika zile gemu tatu ulizoniwekea, Balatro, Slay the Spire na Hades, nimeipenda ipi zaidi, ili ujue uninunulie ipi nyingine. Nimezicheza zote, tena si kwa kuonja. Lakini kabla sijafika huko nina jambo la kichwa.

Usiku wa Alhamisi nilikuwa kwenye Balatro, ile ya karata za poka, hatua ya sita katika zile nane. Safari hiyo kila kitu nilikiweka juu ya kopa. Kila nilipopata ile karata ya Jua niligeuza shupaza na pau kuwa kopa, tatu tatu, na katika majokeri wangu watano, zile karata za kuongeza alama, wanne walikuwa wa kunenepesha kopa. Nikishusha kopa tano kwa pamoja, kibao cha alama kinawaka moto. Nilifurahi, mwanangu, nisikufiche. Saa sita ya usiku nimekaa kitandani nacheka peke yangu.

Kisha nikamfikia bosi, yule mpinzani wa mwisho wa hatua. Jina lake Kichwa, na kazi yake ni moja tu: kopa zote zinakuwa bubu. Hazitoi alama, na majokeri wa kopa hawazioni. Zilitakiwa alama 40,000. Sikufika hata robo.

Kinachoniuma ni kwamba hakujificha. Bosi wa hatua ameandikwa pale tangu unapoanza hatua, jina lake na madhara yake. Nilimsoma. Nikapita dukani mara mbili kabla ya kumfikia, na mara zote mbili nikanunua vya kuongeza kopa.

Mkasi haurudi nyuma. Neno hili umelisikia tangu unatambaa chini ya cherehani yangu ukiokota vipande. Nguo ikishonwa vibaya inafumuliwa. Ikikatwa vibaya imekatwa. Ndiyo maana gemu hizi nimezielewa upesi kuliko ulivyotarajia. Uliponieleza kwamba zote ni wajukuu wa Rogue, ile ya 1980 ya vijana wa chuo kikuu kule California, ambamo mchezaji ni alama ya @ na majitu ni herufi A hadi Z, na kwamba ukifa safari yako inafutwa unaanza upya kwenye mapango yaliyopangwa upya, nilisema moyoni: hawa wanajua mkasi.

Lakini Alhamisi ile sikulala, na si kwa sababu ya karata. Nilikumbuka kile kichwa kingine.

Mwaka 2014, uko kidato cha tatu. Kompyuta ile ya mezani aliyotuachia mjomba wako, iko pembeni ya meza yangu ya kukatia. Rafiki yako alikuletea gemu ya Spelunky kwenye flashi, ile ya bure. Miezi mizima nilisikia sauti zake huku nashona: popo, nyoka, mishale ya mitegoni, na yule mwenye duka anayekufyatulia bunduki ukimwibia. Roho nne, mabomu manne, kamba nne, na kila ukifa unarudi mgodini mwanzo kabisa. Nilikuwa naona ujinga mtupu. Mtoto anakufa mara mia kwa wiki halafu anarudi palepale.

Jioni ile nilikuwa na magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi, ya kutolewa asubuhi, na Luku imebaki uniti mbili na kidogo. Nilikwambia zima. Nikakwambia tena. Ukasema, "Mama, bado kichwa tu." Sikuuliza kichwa gani. Nikainuka, nikachomoa waya ukutani.

Hukupiga kelele. Uliangalia kioo cheusi, ukatoka ukaenda kukaa barazani mpaka watu wakarudi kutoka msikitini. Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja akaniuliza, "Umemfanya nini huyu?" Nikamjibu, "Nimemzimia mchezo." Akatikisa kichwa akaenda kukaa nawe. Mpaka leo sijui mlizungumza nini.

Sasa najua. Ngazi kumi na tano ulikuwa umeshazipita, umebakiza ya kumi na sita, na kile kichwa kikubwa cha jiwe kinakurukia juu yako. Mara ya kwanza katika miezi yote ile. Na gemu ile haikuwa na mahali pa kuhifadhi safari.

Nimejitetea sana kichwani siku hizi. Umeme ulikuwa unakwisha kweli. Magauni yalikuwa riziki yetu, na ada yako ya muhula ilitoka humo humo. Nilikuambia mara mbili. Yote kweli. Halafu najibiwa na nafsi yangu: dakika tano za kompyuta zingekula nini cha Luku? Pasi ile niliyowasha baadaye ilikula zaidi. Haki ya kuzima nilikuwa nayo. Lakini mtu anayewaambia wengine kila siku kwamba mkasi haurudi nyuma, alipaswa kutazama kwanza kitambaa gani kiko mezani.

Naam, gemu. Slay the Spire nimeielewa kwa njia ya nguo pia. Unaanza na karata kumi dhaifu, na kila ukishinda unaonyeshwa tatu uchague moja, au uache. Wiki ya kwanza nilikuwa nazoa kila kizuri, na kila mara nakufa, maana ile niliyoihitaji ilikuwa imezama chini ya mapambo. Ni sawa na bibi harusi anayetaka lesi, na shanga, na mkia, na maua begani. Siku niliyojifunza kuacha ndiyo siku niliyopanda orofa ya tatu. Na nimependa adui kukuonyesha juu ya kichwa chake anataka kukufanya nini, na kwa kiasi gani. Baba yako angeiheshimu hiyo. Alisema bao ni mchezo wa watu waungwana kwa sababu kete zote 64 zinaonekana, isipokuwa zile za mkononi, nazo mnazihesabu.

Hades vidole vyangu haviwezi, namwachia mdogo wako nami nakaa pembeni. Lakini ndiyo iliyonibishia neno langu. Yule kijana anataka kutoroka nyumba ya baba yake kuzimu, anauawa njiani, na kila akifa anaibuka kwenye dimbwi la damu nyumbani kwao. Watu wa nyumba wanamsemesha, wanamuuliza amefika wapi safari hii, mbwa mwenye vichwa vitatu anangoja kupapaswa. Yaani kufa kwake ni kurudi nyumbani, na hadithi inasonga mbele kwa sababu alishindwa. Mwanzo nilisema huo si mkasi, hiyo ni huruma. Nikakaa nikafikiri. Jioni ile ya 2014 wewe ulikufa ukarudi nyumbani, na nyumbani hapakuwa na wa kukuuliza ulifika wapi, ila baba yako.

Shangazi yako wa Pangani ameziona zile karata kwenye simu akaniuliza kama siku hizi nacheza kamari. Nilimweleza ulivyonieleza: pesa haiingii wala haitoki, umeinunua mara moja basi. Hata wale wa Ulaya wanaopanga umri wa wachezaji waliipa Balatro miaka 18 mwaka 2024 kwa sababu ya poka, kisha Februari 2025 wakaishusha hadi 12. Nikamwambia pia kwamba yule Mkanada aliyeitengeneza, anayejiita LocalThunk, ameandika kwenye wosia wake kwamba isiuzwe kamwe kwa kampuni ya kamari. Wosia ndio uliomnyamazisha. Mimi pia ulinituliza.

Sasa ipi bora. Jibu ninalo, na liko ncha ya ulimi. Lakini nakujua: nikilitaja utaninunulia zinazofanana na hiyo, na zile nyingine mbili utaziona umenipa bure. Tena kuna moja sijaicheza, niliisikia tu kwa miezi mingi nikiwa nimeipa mgongo. Haifai nitoe hukumu na hiyo bado.

Ukija Idd, njoo nayo. Meza ya kukatia nitaiondoa pale, nivute kiti nikae karibu yako. Unionyeshe mgodi, na msitu, na yule mwenye duka, mpaka kwenye kichwa. Luku nimeshajaza uniti mia moja.

Mama yako