Usipime Kikae cha mtoto kwa anavyokujibu wewe

Nawaandikia nyinyi mnaojiandaa kwenda Makunduchi, kusini ya Unguja, kuchunguza watoto wanaokua na Kikae, lahaja ya Kiswahili ya huko, nyumbani, na Kiswahili sanifu skuli. Nimeshaona wageni wengi wakirudi mjini na jibu moja: "Watoto hawakijui tena." Mara nyingi jibu hilo si kweli.

Mtoto akikuona na begi na kinasa sauti, atakusemesha Kiswahili cha mwalimu. Hiyo ni adabu yake, na ni akili yake pia. Kule Montreal, Kanada, watafiti waliona watoto wa karibu miaka 2 tu wakielemea Kifaransa au Kiingereza kwa kumfuata mzazi aliye mbele yao. Wa kwetu ni vivyo hivyo. Usiposikia Kikae, jiulize kwanza mtoto alikuwa anazungumza na nani.

Kaa pembeni, basi. Bibi akiwa barazani anasuka ukili, mwombe aendelee na kazi yake na amtume mjukuu kama anavyomtuma siku zote: lete kile, weka pale, kamwite fulani, usipite upande ule. Utamwona mtoto wa miaka 6 akitimiza kila agizo la Kikae, huku akijibu kwa Kiswahili. Usiandike "hajui". Andika ameelewa nini na amejibu vipi, kila kimoja mahali pake. Kisha maji yakitoka, mtoto huyohuyo akateremka pwani na binamu zake wakubwa, wakaanza kugombania pweza, sikiliza yanayomtoka. Mimi nathamini dakika chache za ugomvi ule kuliko saa nzima ya kumwonyesha kadi za picha ataje majina.

Kazi ngumu ni kuandika yaliyonaswa. Kikae na Kiunguja cha mjini vimekaribiana sana, na maneno mengi ni ya pamoja. Mtoto akisema "kaja", yaani amekuja, usihesabu kuwa ni Kikae, kwa sababu hata mjini tunasema hivyo. Maneno ya pamoja yawekee alama yake, yasiingie upande wowote. Tafuta yale ambayo mjini hayapo, kama vitenzi vya jambo lililokwisha, ambavyo irabu yao ya mwisho hufuata irabu ya mzizi. Fanya kazi hiyo jioni ileile, pamoja na mtu wa palepale. Ukiiacha mpaka urudi mjini, sikio lako litasahihisha lilichosikia.

Ukaribu huo ndio unaokiumiza Kikae. Mtoto anayechanganya Kiarabu na Kiswahili huonekana ana lugha mbili. Anayechanganya Kikae na Kiswahili huonekana anakosea, na daftari lake linarudi na wino mwekundu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na lahaja nyingine za kisiwa hikihiki zikaonekana ushamba. Ndiyo maana mama atakwambia anamkataza mwanawe Kikae ili afaulu skuli. Usimbishie. Anampenda mwanawe. Mweleze tu kwamba mtoto anaweza kubeba vyote viwili, na kwamba kule New Zealand, tangu mwaka 1982, Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, wana vituo vya watoto wadogo vinavyoitwa Kōhanga Reo, ambako wazee walikaa na watoto na kuwasemesha Kimaori tu, kwa sababu wazazi wengi hawakuwa nacho tena. Makunduchi bibi bado yupo nyumbani, na hilo ni jambo kubwa.

Kibali cha utafiti kipate kabla hujafika, na ukifika anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Wazazi uwaombe ruhusa nyumba kwa nyumba, wasikie sauti za watoto wao kabla hujaondoka nazo, na kila nyumba uiachie nakala kwenye simu yao, maana hiyo ndiyo watakayoifungua.